Nani Atajibu kwa Ajili ya Mtoto?

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 18:1-27, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Mwanzo 9:20-23, 1 Wafalme 1:5, 6, Waamuzi 18:30, Waefeso 6:4.

Mtoto akishatimiza miaka 10 au 11 huanza kujitenga kidogo. Wazazi wenye nyumba kubwa husema kijana wao siku hizi anajifungia chumbani. Katika nyumba nyingi za kupanga za Kurasini, kuanzia Mivinjeni hadi Shimo la Udongo, mtoto hana chumba cha kujifungia, kwa hiyo hufunga mdomo. Akiulizwa habari za shule hujibu "nzuri", na mazungumzo yanaishia hapo. Mama anaona kuna jambo, ila hajui aanzie wapi. Bibi ambaye angejua yuko Same au Majita. Mama anachukua simu.

Kwenye simu msaada upo. Mwingi ni wa kubahatisha: sauti za watu wasiojulikana zinazotumwa kutoka kundi hadi kundi, zikieleza kwa nini watoto wa siku hizi wameharibika. Lakini upo pia msaada uliopimwa. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na UNICEF, pamoja na watafiti wa vyuo vikuu, walianzisha mpango uitwao Parenting for Lifelong Health kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo. Mafunzo yake kwa wazazi wenye vijana yalijaribiwa Afrika Kusini, katika Jimbo la Eastern Cape, kwa jina la Sinovuyo, yaani "tuna furaha" kwa Kikosa. Familia 552 zilishiriki katika utafiti huo, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2018, wazazi waliopitia vipindi 14 walieleza kwamba wamepunguza kuwapiga na kuwatukana watoto wao. Mafunzo hayo yaliletwa Tanzania yakaitwa Furaha Teens, na mwaka 2020 na 2021 yalifundishwa kwa maelfu ya familia kupitia mradi wa Kizazi Kipya, wazazi na vijana wao wakikaa kwenye vikundi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuyatia kwenye simu. Programu ya ParentApp, kwa wazazi wenye watoto wa miaka 10 hadi 17, ilipelekwa Mwanza kwa majaribio, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na Chuo Kikuu cha Cape Town. Mpango wa utafiti ulikuwa kuhusisha wazazi 2,400 na vijana 2,400 katika maeneo 80. Programu inafanya kazi hata bando likiisha, na pembeni yake kuna kundi la WhatsApp lenye mwezeshaji. Mzazi hufundishwa kutenga muda wa kukaa na mtoto mmoja peke yake, kumsifu kwa jambo alilofanya vizuri, kuituliza hasira yake mwenyewe kabla ya kusema, kukubaliana na kijana juu ya kanuni za nyumbani, kupanga naye matumizi ya fedha, na kumlinda dhidi ya ukatili.

Hakuna katika orodha hiyo jambo ambalo mzazi Mwadventista angelikataa. Hata hivyo wapo washiriki wanaosita, na kusita kwao kunastahili kusikilizwa. Mungu alimkabidhi mzazi mtoto. Je, mzazi anaweza kumkabidhi mtoto huyo kwa mashauri ya simu, yaliyoandaliwa na watu wasiomjua mtoto na ambao huenda hawamjui Mungu wake? Siku ya hukumu, nani atajibu?

Mzazi hakuwahi kulea peke yake

Swali hilo huulizwa kana kwamba zamani mzazi alibeba malezi yote mwenyewe. Historia ya pwani haisemi hivyo. Kurasini ni nchi ya Wazaramo, na kwa Wazaramo mama hakumfundisha binti yake mambo ya balehe. Kazi hiyo ilikuwa ya kungwi, au somo. (Inafaa darasa la Shule ya Sabato likumbuke kwamba neno "somo" katika Kiswahili ni funzo, na pia ni mwanamke aliyelitoa.) Mwali aliwekwa ndani, akafundishwa usafi, heshima, na maisha ya ndoa. Wavulana nao walikuwa na jando. Huko Upare, ambako ujumbe wa Waadventista uliingia nchini mwaka 1903 kwa wamisionari wa Kijerumani, vijana walikuwa na mafunzo yao ya msituni.

Kanisa liliwakataza waumini mambo hayo, na kwa sababu nzuri kadhaa: yalichanganyika na matambiko, na baadhi ya mafunzo ya unyago yaliwaharakisha wasichana kwenda mahali ambapo hawakupaswa kufika bado. Lakini kungwi alipoondolewa, kiti chake kilibaki wazi kwa muda mrefu. Mama Mkristo alikuwa amelelewa katika desturi isiyomruhusu kuzungumza na binti yake mambo hayo, na aliyeruhusiwa kuzungumza hakuwepo tena. Watafuta Njia wamejaza sehemu ya nafasi hiyo, na Idara ya Kaya na Familia hufanya semina zake. Programu Jumuishi ya Taifa ya malezi iliyozinduliwa mwaka 2021 inamhudumia mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Kijana wa miaka 12 huachwa kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, kwa rafiki zake, na kwa simu.

Kwa hiyo kupokea msaada wa malezi kutoka nje ya nyumba hakumshushi mzazi. Tofauti kati ya kungwi na programu iko mahali pengine. Kungwi alimjua binti na ukoo wake. Binti akiharibikiwa, watu walijua mlango wa kwenda kuuliza. Programu ikikosea haina mlango.

Shauri la mtu wa nje

Soma Kutoka 18:13-27. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, mgeni katika agano la Israeli. Alikaa siku moja tu kambini, akamwona mkwewe ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu, akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema na kwamba litamchosha yeye na watu. Musa, aliyezungumza na Mungu mlimani, alimsikiliza mgeni huyo akatenda yote aliyoyasema. Mambo mawili yaonekane hapo. La kwanza, Yethro mwenyewe aliweka sharti katika fungu la 23: shauri lake lifuatwe ikiwa Mungu ataagiza hivyo. La pili, baada ya kushauri alirudi nchi yake. Waliobaki kujibu kwa matokeo ni Musa na waamuzi aliowachagua.

Huo ni msingi wa kutosha kwa mzazi anayetaka kuisikiliza programu iliyoandaliwa na wataalamu wa Oxford. Aisikilize kama Musa alivyomsikiliza Yethro, ailete mbele za Mungu, na asisahau kwamba mshauri atarudi kwao.

Jaribio gumu zaidi kwa familia nyingi ni fimbo. Programu hizi zinamtaka mzazi aache kupiga, na mzazi ana Methali 13:24 mkononi. Baadhi ya walimu hulimaliza jambo hili haraka kwa kueleza kwamba neno la Kiebrania lililoko hapo ndilo linalotumika katika Zaburi 23:4 kwa chombo cha mchungaji, ambacho huwafariji kondoo. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, maana Methali 23:13, 14 inazungumza waziwazi juu ya kupiga. Ni afadhali kukubali kwamba Methali iliijua adhabu ya viboko, kisha kuuliza kama kinachofanyika majumbani ndicho kile ambacho Sulemani alikisifu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Hapo panahesabiwa makofi, mateke, ngumi. Mzazi anayempiga kijana wa miaka 13 teke kwa sababu amechelewa kurudi kutoka dukani hawezi kusema anatekeleza Methali. Paulo, akiijua Methali vizuri, aliwaandikia akina baba wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4), na katika Wakolosai 3:21 alitaja hatari yenyewe: mtoto kukata tamaa.

Upande wa pili wa kosa hilo upo katika 1 Wafalme 1:6. Biblia inasema Daudi hakumchukiza Adoniya hata mara moja kwa kumwuliza kwa nini amefanya hivi. Hakumpiga, wala hakumwuliza. Mafunzo ya simu yanapomwambia mzazi auze hasira yake anunue swali, yanamrudisha pale Daudi aliposhindwa.

Siri ya mtoto

Lipo jambo moja ambalo wasitao hawalitaji sana, nalo pengine ndilo zito kuliko yote. Msaada wa simu hufika pamoja na kundi. Kundi lina faida kubwa. Mzazi anayedhani kijana wake peke yake ndiye aliyebadilika hugundua kwamba wenzake ishirini wana kijana wa namna hiyohiyo. Lakini ndani ya kundi mzazi huomba ushauri, na ili kuomba ushauri husimulia.

Chukua mfano wa mama anayeandika usiku kwamba binti yake wa darasa la sita ameanza kutongozwa na dereva wa bodaboda, na kwamba amekuta ujumbe kwenye simu. Mama hana nia mbaya. Anataka msaada, na kufikia asubuhi anao, wa aina kumi na tano. Ila kundi ni la wazazi wa kanisa lilelile. Ndani yake yumo mwalimu wa binti wa Shule ya Sabato, yumo mama wa rafiki yake, yumo jirani wanayechota naye maji. Sabato inayofuata binti anaingia kanisani na kuona macho. Hakuna aliyemwambia neno, lakini anajua, na anajua ni nani aliyetoa habari. Kutoka siku hiyo mama hatasikia tena jambo lolote la kweli kutoka kwa mtoto huyo, hata kama atakamilisha masomo yote ya programu.

Soma Mwanzo 9:20-23. Hamu aliuona uchi wa baba yake akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafeti walitwaa nguo wakaenda kinyumenyume. Fungu hilo hufundishwa kwa watoto ili wawaheshimu wazazi. Je, halifungi upande wa pili? Mzazi ambaye Mungu amemwonyesha udhaifu wa mtoto anaweza kutoka nao nje, au anaweza kutafuta nguo. Kungwi, pamoja na makosa yote ya unyago, alijua kwamba mambo ya mwali hayasemwi barazani. Msaada wa nje unatafutwa bila kuvunja jambo hilo: kwa mchungaji, kwa mama mmoja mkongwe anayeaminika, kwa mwezeshaji faraghani, au kwa simu ya bure namba 116, ambayo ni ya huduma kwa mtoto nchini. Na mtoto anapokuwa amefanyiwa ukatili, kusitiri hakuhusiki. Hapo kunyamaza ni kumlinda aliyemdhuru.

Dakika ambazo hazipo

Baada ya kuyachuja hayo yote, linabaki agizo dogo ambalo programu hizi huanza nalo: kaa na mtoto wako, yeye peke yake, kila siku. Kumbukumbu la Torati 6:7 ilitangulia kwa muda mrefu. Fungu hilo linataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Katika nyakati hizo zote nne mzazi na mtoto wako mahali pamoja.

Sasa mfikirie mama wa Kurasini anayenunua samaki Feri. Anatoka saa 10 alfajiri watoto wamelala, anauza hadi jioni, anarudi saa 3 usiku wamelala tena. Au baba dereva wa lori la makontena, ambaye akitoka bandarini kuelekea Tunduma hajui atarudi siku gani. Barabara ya Mandela na Kilwa zimejaa wazazi ambao hawaketi, hawatembei, hawalali wala hawaamki pamoja na watoto wao. Kwao agizo hilo husomeka kama hati ya mashtaka. Wengine huacha programu hapohapo, katika somo la kwanza, wakijiona wameshindwa mtihani.

Je, wana hatia? Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya matoleo alisema utayari hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, wala si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Kanuni hiyo ya fedha inafaa pia kwa saa. Mama wa Feri hatadaiwa jioni ambazo hana. Lakini kanuni hiyohiyo inauliza alicho nacho, na kila mzazi Mwadventista, hata aliye maskini kuliko wote, ana kitu ambacho jirani yake hana: siku nzima kila juma ambayo hakuna mwajiri wala mteja anayeruhusiwa kuigusa.

Hapa somo linaligeukia kanisa lenyewe. Mama yule anaacha biashara siku ya Ijumaa kabla ya jua kuzama, akipoteza mauzo ya siku nzuri kuliko zote. Asubuhi ya Sabato saa 2 yuko kanisani. Mtoto wake wa miaka 12 anakwenda darasa lake, mama darasa lake. Ibada kuu mtoto anakaa na wenzake nyuma, mama yuko kwaya. Baada ya chakula kuna mazoezi ya kwaya, kisha kikao cha mashemasi wa kike, kisha mkutano wa huduma, na jua linazama wakiwa bado hawajaketi pamoja hata dakika moja. Baba ambaye ni mzee wa kanisa ana hali mbaya zaidi. Watu wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni.

Maneno hayo ya mwisho ni ya Kutoka 18. Rudi sasa mwanzo wa sura, mafungu ya 1-7, ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. Yethro hakuja peke yake. Alimletea Musa mkewe Sipora, aliyekuwa amerudishwa kwao, na wana wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alitoka nje akamlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakaulizana hali, wakaingia hemani. Juu ya wana, Biblia haisemi neno. Asubuhi yake Musa aliketi kuamua watu hadi jioni.

Ukimya wa Biblia usitumiwe kumhukumu Musa. Inawezekana aliwakumbatia vijana wale na mwandishi hakuona sababu ya kuandika. Wazao wengine wa Musa walitumika vizuri. 1 Nyakati 26:24 inamtaja Shebueli wa uzao wa Gershomu kuwa msimamizi wa hazina. Lakini ipo pia Waamuzi 18:30, ambapo Yonathani wa uzao wa Gershomu anakuwa kuhani wa sanamu kwa kabila la Dani. Biblia nyingine husoma hapo kwamba Gershomu huyo ni mwana wa Manase, kwa kuwa waandishi wa Kiebrania waliingiza herufi moja ndogo juu ya jina la Musa na kuligeuza. Inaelekea hawakuvumilia kuliona jina hilo mahali pale.

Yethro alimpunguzia Musa mzigo wa kesi. Hakuna mtu mwingine angeweza kuamua nini Musa afanye kwa saa zilizopatikana. Wala programu haiwezi. Inaweza kumfundisha mama jinsi ya kuanza mazungumzo, jinsi ya kusifu, jinsi ya kuomba radhi kwa mtoto aliyepigwa bure. Kisha anahitaji njia ya kutembea na mtoto huyo, kama vile kutoka kanisani hadi nyumbani, wawili tu, bila mtu wa kumwita nyuma kwamba kuna kikao.

Darasa lichukue ratiba ya Sabato hii ya kanisa lake na kuisoma kwa sauti, kuanzia saa 2 asubuhi hadi machweo. Katika kila kikao cha mchana, ni wajumbe wangapi wenye watoto wa miaka 10 hadi 14, na watoto hao watakuwa wapi kikao kikiendelea? Kikao kipi kinaweza kuhamishiwa Jumapili, na nani atakwenda kumwambia mwenyekiti?